Kuomba Kura ya Ndiyo: Niliyoyaona katika Kampeni ya Leseni za Udereva kwa Wahamiaji, Massachusetts 2022

Tarehe 8 Novemba 2022 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, walichagua gavana na papo hapo wakaulizwa maswali manne ya kujibiwa kwa Ndiyo au La. Swali la nne ndilo lililoninyima usingizi msimu mzima wa mapukutiko. Lilihusu sheria inayomruhusu mkazi wa jimbo hilo kupata leseni ya kawaida ya udereva hata kama hawezi kuonyesha kwamba yuko nchini kihalali, mradi athibitishe yeye ni nani na anaishi wapi, afaulu mitihani kama dereva mwingine yeyote, na gari lake likatiwe bima. Nilijitolea upande wa Ndiyo mjini Lowell, ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba unaweza kupata unga wa ugali, ibada ya Kiswahili na harambee ya mazishi bila kwenda mbali na kwako. Ninaandika kwa sababu majimbo mengi bado hayana sheria kama hii, na jamaa walioko huko huniuliza sisi tulifanyaje.

Kilichoniingiza katika kampeni ni kazi. Wengi wetu hapa tumepitia kazi ya kutunza wazee na watu wenye ulemavu katika nyumba zilizotawanyika vitongojini, na zamu zenye nafasi kwa mgeni ni za usiku na za mwisho wa juma, saa ambazo basi halipo. Asiyekuwa na leseni ana njia tatu: aombe lifti kila siku mpaka wenzake wamchoke, alipie teksi inayomeza nusu ya mshahara wa zamu, au aendeshe hivyo hivyo huku akichungulia kioo cha nyuma. Wengi waliendesha. Wakisimamishwa, gari lilivutwa, mwenyewe akaitwa mahakamani, na kwa mtu asiye na makaratasi mahakama si mahali pa kwenda kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa nimepata uraia miaka kadhaa kabla ya hapo, hivyo mimi sikuwa na la kuogopa barabarani, lakini nilikuwa nimewahi kuchangia fedha za kukomboa gari la mwenzangu kutoka yadi, nikajua jambo hili si la magazetini tu.

Anayetaka kusaidia katika kampeni ya namna hii na aanze kwa kujua sheria imetoka wapi, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Mashirika ya wahamiaji na vyama vya wafanyakazi yaliidai kwa karibu miongo miwili, na katika miaka ya mwisho muungano wao uliongozwa na kituo cha wafanyakazi wa Kibrazili pamoja na chama cha wafanyakazi cha 32BJ. Bunge la jimbo lilipoipitisha mwaka 2022, Gavana Charlie Baker aliikataa mwishoni mwa Mei, akisema kwamba idara ya magari haina utaalamu wa kuhakiki hati za nchi za kigeni na kwamba kadi yenyewe haitamtofautisha raia na asiye raia. Mwezi Juni mabunge yote mawili yakampiku, 119 kwa 36 katika Baraza la Wawakilishi na 32 kwa 8 katika Seneti. Tulidhani yamekwisha. Wapinzani, hata hivyo, walikuwa na haki ya kukusanya saini ili wananchi waamue wenyewe, na kufikia mwishoni mwa Agosti walikuwa nazo zaidi ya zile 40,000 na kidogo zilizohitajika.

Sisi Wakenya tulikuwa wapi wakati saini zile zikikusanywa nje ya maduka makubwa? Tulikuwa Nairobi, kwa mawazo. Uchaguzi wa nyumbani ulifanyika tarehe 9 Agosti, kesi ikapelekwa Mahakama ya Juu, uamuzi ukatoka Septemba 5, na mpaka William Ruto alipoapishwa hapakuwa na mazungumzo mengine katika vinyozi, saluni wala makundi yetu ya simu. Watu waliojua idadi ya kura za kila kaunti ya Kenya hawakujua jina la mbunge wao wa Lowell. Silaumu, nami nilikuwa miongoni mwao. Ninalosema ni kwamba kampeni iliwakuta watu wetu wakiwa wamechoshwa na siasa kabla ya kusikia neno lolote kuhusu swali la nne, na anayepanga ratiba katika jamii ya wahamiaji sharti atazame kalenda mbili.

Jambo la pili lililotusumbua lilikuwa maana ya Ndiyo yenyewe. Kwa kuwa wapinzani ndio walioleta swali kwenye karatasi, wengi walidhani kwamba Ndiyo ni kuwaunga mkono wao, yaani kuifuta sheria, kumbe Ndiyo ilikuwa kuilinda sheria iliyokwisha kupitishwa na La ilikuwa kuifuta. Katika kura za maoni za Kenya tulikuwa na msaada wa picha na rangi: mwaka 2005 ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa likawa La, na mwaka 2010 kijani kikawa Ndiyo na nyekundu ikawa La, kwa hiyo hata asiyejua kusoma hakupotea. Massachusetts hakuna ndizi. Kuna aya ndefu ya kisheria, kisha viduara viwili vya kujaza kwa wino. Tulijifunza kutoondoka mlangoni kabla mtu hajatamka mwenyewe atajaza kipi na kwa nini. Mzee mmoja, baada ya kunisikiliza kwa subira na kukubaliana nami kwa kila nukta, alihitimisha kwa kusema, "Basi nitaandika La, hao watu wasinyang'anywe leseni." Tulianza upya.

Serikali ya jimbo huchapisha kijitabu cha habari kwa wapiga kura, chenye maandishi ya sheria, maelezo ya athari ya kila jibu, na hoja fupi ya kila upande isiyozidi maneno 150. Kibebe popote uendapo. Mtu anayekushuku kwa sababu umevaa fulana ya kampeni atakiamini kitabu chenye muhuri wa jimbo, na ukimwonyesha kwamba hoja ya wapinzani nayo imo ndani, atalegeza mabega.

Mafunzo ya kujitolea yalikuwa mafupi, na hapo ndipo nilipopata mshtuko wangu wa kwanza. Nilikwenda nikiwa na kisa cha mwenzangu na gari lake lililovutwa, nikiamini kwamba nikikisimulia vizuri kitalainisha mioyo. Mratibu alinisikiliza, akaniambia kwa upole kwamba kisa ni kizuri lakini mlangoni tutauliza jambo moja: je, ungependa kila dereva anayepita mbele ya nyumba yako awe amefanyiwa mtihani na awe na bima? Basi. Hatutaanza na haki za wahamiaji, wala mateso yao, wala mchango wao katika uchumi. Tutaanza na barabara ya mwenye nyumba, watoto wa mwenye nyumba na bima ya mwenye nyumba. Kampeni yenyewe ilijiita kampeni ya barabara salama zaidi, na mabango yake hayakumtaja mhamiaji hata kidogo.

Iliniuma, na sitaficha. Nilihisi kama ninawauza watu wangu kwa kuwazungumzia kana kwamba wao ni hatari inayohitaji kudhibitiwa, badala ya kuwazungumzia kama akina mama wanaokwenda kuwageuza wagonjwa kitandani saa nane za usiku. Niliendelea kwa sababu hoja yenyewe ilikuwa ya kweli. Chama cha wakuu wa polisi wa miji mikubwa ya jimbo kiliunga mkono sheria kwa sababu hiyo hiyo: askari anayesimamisha gari anataka kujua anazungumza na nani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wamechapisha mwaka 2017 utafiti kuhusu California, ambako leseni za namna hii zilianza kutolewa mwaka 2015, wakaona kwamba ajali kwa jumla hazikuongezeka, na zile ambazo dereva hugonga na kukimbia zikapungua. Sababu yake haihitaji profesa: mwenye leseni halali na bima hana haja kubwa ya kukimbia. Kufikia 2022 majimbo 16 pamoja na mji mkuu wa Washington yalikuwa na sheria kama hiyo, yakiwemo jirani zetu Connecticut, Vermont na New York, nasi tuliweza kumwambia mtu kwamba avuke mpaka akaone kama anga limeanguka.

Hata hivyo nilipata ruhusa ya kukitumia kisa changu, lakini mwishoni, kwa mtu aliyekwisha kukubali. Alipokwisha kusema Ndiyo kwa ajili ya bima yake, nilimweleza ni nani anayetunza wazazi wake. Utaratibu huo ulinipa amani, na ninaupendekeza: mfungulie mtu kwa hoja inayomgusa yeye, kisha umwachie hoja inayokugusa wewe, maana ya kwanza humfanya akubali na ya pili humfanya akumbuke siku ya kura.

Kazi ya mlango kwa mlango ina mambo yake. Unapewa programu ya simu yenye ramani na majina ya wapiga kura wa mtaa, na kila unapozungumza na mtu unamwekea alama kuanzia moja hadi tano: moja ni Ndiyo thabiti, tano ni La thabiti, na tatu ni asiyeamua. Wenye tano unawaaga kwa heshima na kwenda zako. Ubishi nao ni muda unaomnyima mwenye tatu. Ugumu ni katika kumpa alama Mwafrika mwenzako. Sisi hatumkatalii mgeni aliyesimama mlangoni. Tutamkaribisha ndani, tutampa chai, tutamwambia "sawa, Mungu akipenda", na hiyo si kura. Vijana wa Kimarekani waliokuwa pamoja nasi walikuwa wakiandika moja kila waliposikia "sawa" ya namna hiyo, na kwa siku kadhaa orodha ya mitaa yetu ilionekana kama imeshinda tayari. Tulipoketi kuirekebisha, wengi walirudi kuwa tatu. Anayesimamia kampeni katika jamii yetu na awape wageni darasa hilo mapema.

Swali lililokuwa gumu kuliko yote milangoni, kwa weusi na weupe, lilikuwa la kura. Massachusetts huwaandikisha raia kuwa wapiga kura moja kwa moja wanapohudumiwa na idara ya magari, utaratibu ulioanza mwaka 2020, na watu waliuliza kwa haki kabisa: je, mgeni akipata leseni hataingizwa katika daftari? Usimdharau anayeuliza hivyo wala usimwite mbaguzi. Mjibu kwamba idara hiyo ilikuwa tayari ikitoa leseni kwa watu wengi wasio raia, yaani wenye kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, wanafunzi wenye viza, wanaosubiri uamuzi wa hifadhi wakiwa na kibali cha kazi, na kwamba anayeomba kwa pasipoti ya kigeni amekwisha kuonyesha kwamba si raia. Nilipolieleza hivyo niliona nyuso zikitulia, jambo ambalo hotuba kuhusu utu haikulifanya. Ukweli huo pia uliwasaidia watu wetu, kwa kuwa baadhi ya waomba hifadhi kutoka Kongo na Burundi waliamini kwamba leseni zao walizokuwa nazo zitafutwa La ikishinda. Hazikuhusika.

Sasa niseme lile ambalo jamaa wa majimbo mengine hawapendi kulisikia. Milango iliyonichosha zaidi ilikuwa ya kwetu. Namkumbuka ndugu mmoja aliyenipokea barazani mwake akiwa bado na sare ya kazini, akaniketisha, akaniuliza habari za watu wa nyumbani, kisha akaniambia bila kukunja uso: "Mimi nilisota miaka kumi na minne. Nililipa wakili, nikalala kwenye sofa za watu, nikakosa mazishi ya baba yangu kwa sababu nikitoka nisingerudi. Leo unataka huyu aliyekuja juzi apewe leseni kwa mteremko?" Sikuwa na jibu la haraka, na ninafurahi sikulitafuta. Nilimwuliza katika miaka hiyo alikuwa akienda kazini kwa usafiri gani. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema alikuwa akiendesha gari la shemeji yake lililokuwa na taa moja. Tukaongea habari za taa hiyo kwa muda mrefu kuliko tulivyoongea habari za kura. Sikumwekea moja. Nilimwekea tatu, nikamrudia baada ya juma moja, na safari hiyo alinitajia majina ya wengine wawili niwaone.

Watu wa namna yake ni wengi na si wachoyo. Wana kidonda. Ukiwaambia kwamba wanaharibu umoja wa Waafrika utakuwa umekitonesha, na kura umeikosa. Kuna kundi jingine lililoogopa kwamba sheria ikipita, Wamarekani watakasirika na hasira itawafikia hata wao wenye makaratasi. Hao walihitaji kuona Mmarekani wa kawaida akiunga mkono, kwa hiyo tulipokwenda kwao tulikwenda wawili, mmoja wetu akiwa mwenyeji.

Upande wa wapinzani palikuwa na mama aliyefahamika kote jimboni, ambaye mwanawe aliuawa mwaka 2011 mjini Milford na dereva mlevi asiyekuwa na makaratasi. Wapiga kura walimtaja mbele yangu mara nyingi. Tuliagizwa tusimjadili, tusimpinge, tusilinganishe msiba wake na msiba mwingine, nami naona agizo hilo lilikuwa sahihi kimbinu na kiubinadamu. Nilichosema ni pole, kisha kwamba ulevi barabarani ni jinai kwa kila mtu na sheria hii haimpunguzii mlevi adhabu yoyote. Palipohitajika zaidi ya hapo niliaga.

Makanisa ndiyo yaliyotufikisha kwa watu wengi kwa siku moja, lakini wachungaji wengi walikataa kwanza, wakisema kanisa likigusa siasa litapoteza msamaha wake wa kodi. Hofu hiyo ina msingi nusu. Sheria ya shirikisho inalikataza kanisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kuhusu swali la kura, kanisa linaweza kueleza msimamo mradi shughuli hiyo isiwe sehemu kubwa ya kazi zake. Tulimwomba mtu wa muungano mwenye ujuzi wa sheria azungumze na wachungaji wenyewe, sisi tukakaa kimya, na wawili watatu walikubali tuweke meza ukumbini baada ya ibada. Hatukusema neno juu ya Maura Healey wala Geoff Diehl waliokuwa wakigombea ugavana, ingawa kila mmoja alijua kwamba Healey yuko upande wa Ndiyo na Diehl yuko upande wa kuifuta sheria. Meza ya swali la nne ikianza kunong'ona habari za wagombea, mchungaji ana haki ya kuifunga.

Kwa walinzi wa usiku na watunzaji wa wagonjwa, Jumanne ya uchaguzi ni siku mbaya, kwa kuwa wanatoka zamu wamechoka na wengine wanaunganisha zamu mbili. Mwaka huo jimbo lilikuwa limeifanya kura ya posta kuwa ya kudumu, isiyohitaji sababu, na upigaji kura wa mapema ulianza Oktoba 22 hadi Novemba 4. Kujiandikisha kulifungwa Oktoba 29. Tukiwa na tarehe hizo tatu tu kwenye karatasi moja tuliwapata watu ambao kipeperushi chenye hoja kumi kisingewapata. Usiviingize vipeperushi ndani ya masanduku ya barua, hata kama mwenye nyumba ni jirani yako: sheria ya shirikisho inayahifadhi masanduku hayo kwa barua zilizolipiwa stempu. Chomeka mlangoni.

Kuna onyo moja ambalo ningetaka lisomwe mara mbili. Wengi waliojitokeza kusaidia hawakuwa na haki ya kupiga kura, na msaada wao ulikuwa mkubwa: walipiga simu, walipika, walitafsiri, walilea watoto wetu. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujitolea. Lakini asiye raia asijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata akiombwa na kijana mwenye tabasamu nje ya duka, kwa sababu kudai uraia usio wako ni kosa linaloweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote na kukufukuzisha nchini. Pia wewe mwenye orodha mkononi usimwulize mtu yeyote ana makaratasi au hana. Huhitaji kujua, na ukijua umejibebesha siri. Mtu akianza kukueleza, mwelekeze kwa wakili au shirika lenye mawakili.

Kuhusu gharama, kazi ya kujitolea si ya bure kwa anayeifanya. Niliacha zamu za ziada ambazo ningezifanya, nililipa petroli na mlezi wa watoto, na nyumbani palikuwa na manung'uniko niliyostahili. Kampeni iliwalipa baadhi ya wagonga milango, sisi wengine tukafanya bure, na tofauti hiyo isiposemwa wazi tangu siku ya kwanza huleta maneno. Saa nazo zilirudishwa nyuma Novemba 6, giza likaanza kuingia jioni mapema, na Mwafrika anayebisha hodi gizani katika kitongoji asichokijua hana budi kufikiri mara mbili. Juma la mwisho tuliamua kupiga simu jioni na kugonga milango mchana tu, na tungefanya vyema kuamua hivyo mapema zaidi. Nilifukuzwa mara chache na kutukanwa mara moja kwa namna ambayo sitairudia hapa. Usiku huo sikupika, tulikula mkate.

Siku yenyewe nilitoka alfajiri, na kwa bahati mwezi ulikuwa umepatwa, mwekundu juu ya paa za viwanda vya zamani. Kijana mmoja wetu akasema ni rangi ya La, tukamwambia afunge mdomo. Sheria inakataza kampeni ndani ya futi 150, kama mita 45, kutoka mlango wa kituo, kwa hiyo tulisimama na mabango ng'ambo ya barabara kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Hapo hakuna kubishana na mtu. Unasimama, unapunga mkono, unamkumbusha anayekuuliza maana ya Ndiyo.

Ndiyo ilipata takriban asilimia 54, La ikapata 46. Nilijua habari za Oregon, ambako sheria kama hiyo ilipelekwa kwa wananchi mwaka 2014 na theluthi mbili ya wapiga kura wakaikataa, jimbo likangoja hadi bunge lilipopitisha nyingine mwaka 2019, kwa hiyo sikuipuuza tofauti ile ya asilimia nane. Katika jimbo linalojulikana kwa siasa za mrengo wa kushoto, karibu nusu ya watu walisema La.

Sheria ilianza kutumika Julai 1, 2023, na hapo tukagundua kwamba kampeni ilikuwa imewaandaa wapiga kura na haikuwaandaa waombaji. Mwombaji asiye na uthibitisho wa kuwa nchini kihalali anatakiwa kuleta pasipoti ambayo haijaisha muda au kitambulisho cha ubalozi, pamoja na hati ya pili kama cheti cha kuzaliwa, na ushahidi wa makazi. Wengi walikuwa na pasipoti zilizoisha zamani, na kuipata mpya kutoka ubalozini ni shughuli ya muda mrefu. Kama jimbo lako linakaribia kupiga kura, waambie watu waanze kuhuisha pasipoti leo, bila kungoja matokeo. Wajanja nao walijitokeza, wakidai mamia ya dola ili "wakufanyie mipango" ya miadi ambayo mtu anaweza kuiweka mwenyewe. Na leseni hii ni ya kawaida: ni ya kuendeshea gari, haibadilishi hali ya mtu ya uhamiaji wala haimkingi na amri ya kufukuzwa. Sheria inasema taarifa za waombaji si za umma na hazitolewi isipokuwa pale sheria ya shirikisho inapotaka au kanuni za mwanasheria mkuu wa jimbo zinaporuhusu. Tangu mwaka 2025 wengi wanaogopa kuacha majina yao katika ofisi yoyote, nami simwahidi mtu lolote zaidi ya maneno hayo ya sheria na namba ya wakili.

Kazi iliyobaki ni ile ambayo hakuna aliyeitaja kwenye mafunzo. Siku ya mtihani wa barabarani mwanafunzi anatakiwa aje na mdhamini mwenye leseni, aliyetimiza miaka 21 na mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi, na gari ambalo breki yake ya mkono mtahini anaweza kuifikia akiwa kiti cha abiria. Baadhi ya magari yana breki ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto wa dereva, na nimeona watu wakirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo tu. Gari langu ni kuukuu, breki yake iko katikati ya viti, na kwa ajili hiyo ninaombwa na watu nisiowafahamu. Ninayekwenda naye Alhamisi ijayo amekwisha kushindwa mara moja, kwenye kugeuza gari.